KIFARANGA WA MTOTO: ULEZI WAKE NYUMBANI NA SEHEMU YA CHAMA KATIKA UHAI WAKE

Somo kwa Makatibu, Wajumbe wa Bodi na Wanachama wa Vyama vya Msingi



Somo hili halihusu mizani ya pamba wala hesabu za mwisho wa msimu. Linahusu kifaranga mmoja ambaye mzazi humkabidhi mtoto wake na kumwambia, "Huyu ni wako." Jambo hilo ni la kawaida katika kaya zetu, tangu Kishapu hadi Nyang'hwale. Mtoto humpa kifaranga jina, humchimbulia mchwa, na usiku huamka kumsikiliza kama bado analia. Hata hivyo, vifaranga wengi wa namna hiyo hawafikii umri wa kuwika wala wa kutaga. Huondolewa na baridi, na mwewe, na sumu, na ugonjwa, na pengine na kisu siku mgeni anapobisha hodi.

Huenda Katibu akauliza: hayo yanakihusu vipi Chama? Sehemu kubwa ya ulezi wa kifaranga ni kazi ya mtoto mwenyewe na ya mama yake. Lakini liko jambo moja ambalo kaya peke yake hailiwezi, nalo ndilo lenye kuua kuku wengi vijijini kuliko mengine yote. Tutalifikia. Kwanza yafaa tumfahamu kifaranga.

Siku za kwanza

Yai la kuku huatamiwa kwa siku 21. Kifaranga anapokaribia kutoka huvuta ndani ya tumbo lake mabaki ya kiini cha yai, na hicho ndicho chakula chake cha kwanza. Kwa sababu hiyo kifaranga aliyetotolewa leo anaweza kukaa siku moja au mbili bila kula. Wala asilazimishwe kwa kutiwa ugali mdomoni, kama watoto wapendavyo kufanya. Anachohitaji saa ile ni joto.

Kifaranga hana manyoya ya kumkinga. Ana malaika tu, nayo hayazuii baridi. Katika juma la kwanza huhitaji joto la nyuzi 32 hadi 35 hivi, kisha joto hilo hupunguzwa kwa takriban nyuzi tatu kila juma hadi manyoya yaote, yaani karibu na juma la tano au la sita. Usiku wa Juni na Julai hapa kwetu uko mbali sana na kiasi hicho. Mfugaji asiye na kipimajoto asione shida, kwa kuwa kifaranga mwenyewe husema. Akisikia baridi hulia kwa sauti kali isiyokoma na kujikunyata. Joto likizidi hutanua mabawa, huachama mdomo na kuhema. Akiwa na raha hulia taratibu, hula, kisha hulala.

Njia iliyo bora kupita zote ni kumwachia kuku mama kazi yake. Ikiwa kifaranga ni yatima, au amenunuliwa mnadani, atafutwe koo wa jirani mwenye vifaranga wa umri ule ule, naye aingizwe taratibu chini ya bawa usiku wa giza. Aghalabu kuku huyo humkubali asubuhi bila ugomvi. Akiingizwa mchana hudonolewa, pengine hadi kufa.

Asipopatikana koo, litumike boksi lenye pumba za mpunga au maranda makavu, na ndani yake chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa kitambaa. Maji yabadilishwe kabla ya watu kulala, na tena mtu aamkapo usiku. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa ni hatari kwa kifaranga na kwa watoto waliolala humo, kwa kuwa hewa yake huua bila harufu. Kibatari karibu na maranda nacho kimekwisha kuunguza nyumba za watu.

Mzazi anayetaka kumpa mtoto kifaranga na ampe wawili au watatu. Kifaranga ni kiumbe wa kundi. Akiwa peke yake hulia kutwa, hula kidogo, na hana wa kujikunyata naye usiku. Mtaalamu mmoja wa Uingereza, Douglas Spalding, aliandika mwaka 1873 kwamba kifaranga mchanga hufuata kitu chochote kinachotembea mbele yake, hata kama ni mtu. Basi mtoto anapojisifu kwamba kifaranga humfuata hadi kisimani hasemi uongo: kwa kifaranga yule, mama ni yeye. Kwa hiyo mtoto aelezwe mapema kwamba hawezi kwenda shule kutwa nzima na kumwacha kifaranga wake bila mwenzi.

Tena afundishwe kunawa mikono kwa sabuni kila amshikapo, na asimbusu wala kumtia usoni, kwani kuku huweza kubeba vijidudu vya kuhara hata akionekana mzima. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano jambo hili si la kupuuza.

Chakula, na tahadhari ya mkulima wa pamba

Maji yawe safi, katika sahani ya kina kifupi yenye kokoto ndani, kwa kuwa kifaranga huzama katika maji ambayo sisi tungeyaona ni ya kulowesha kidole tu. Chakula cha majuma ya mwanzo kiwe chenga laini za mahindi au mtama zikichanganywa na kitu cha kujenga mwili. Mchanganyiko unaofaa kwa kaya ni vikombe saba vya chenga, viwili vya mashudu ya alizeti yaliyosagwa, na kimoja cha dagaa waliosagwa. Dagaa wenye chumvi waoshwe na kukaushwa kwanza, kwa maana chumvi nyingi humuua kifaranga. Mchwa ni chakula bora na hawana gharama: chungu kikuukuu kilichojazwa nyasi kavu na samadi yenye unyevu, kikifudikizwa jioni juu ya njia ya mchwa, asubuhi huwa kimejaa.

Sasa lije jambo linalotuhusu sisi wakulima wa pamba zaidi ya wafugaji wa mikoa mingine. Mashudu ya pamba yanapatikana kwetu kwa urahisi, na mwenye ng'ombe hufanya vema kumlisha. Lakini ndani ya mbegu ya pamba mna sumu ya asili iitwayo gosipoli. Ng'ombe mzima huihimili kwa sababu ya namna tumbo lake lilivyo. Kuku hana tumbo la namna hiyo. Kifaranga akilishwa mashudu ya pamba kwa wingi hudumaa, hukosa hamu ya kula, na huweza kufa. Kuku anayetaga hutoa mayai ambayo kiini chake hugeuka rangi na kuwa cha kijanikijani yakiwekwa kwa muda. Kwa hiyo kifaranga asipewe mashudu hayo kabisa. Alizeti inatosha.

Mbegu za kupandia zilizotiwa dawa ni hatari kubwa zaidi. Mwanachama huchukua mbegu zake ghalani, hufika nyumbani, hutua mfuko barazani, nazo zinazomwagika huokotwa na kuku. Makatibu watoe onyo hili siku ile ile ya kugawa mbegu, si baadaye. Vilevile kopo au chupa iliyokuwa na dawa ya kunyunyizia pamba isigeuzwe kuwa chombo cha maji ya kuku, hata ikioshwa mara kumi. Katika kazi ya ukaguzi nimeviona vyombo hivyo katika nyua za wanachama hodari, watu wanaojua kusoma maandishi ya kwenye lebo.

Katika maeneo ya machimbo

Wanachama wa Geita, Msalala na Kahama wana tahadhari ya pekee. Kuku hana meno. Humeza changarawe ndogo, nazo hukaa katika firigisi na kumsagia chakula. Hachagui changarawe ya wapi. Karibu na karasha na mialo atameza mchanga wa marudio, na mchanga huo, mahali ambapo dhahabu hukamatwa kwa zebaki, hubaki na zebaki. Sumu hiyo haimwangushi kuku siku hiyo. Hujikusanya mwilini mwake taratibu, huingia katika maini na katika mayai, na mwisho wake ni sahani ya mtoto yule yule aliyemlea. Mabwawa ya sayanaidi, ambamo marudio husafishwa mara ya pili, huua kuku palepale anapokunywa maji yake.

Habari za zebaki katika ukanda wetu si uvumi. Rwamagasa, wilayani Geita, palikuwa mojawapo ya mahali palipochunguzwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 katika mradi wa kimataifa uliosimamiwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda. Tanzania ilitia saini Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2013 na kuuridhia mwaka 2020. Mkataba, hata hivyo, haujengi uzio. Kaya iliyo jirani na mwalo na imfungie kifaranga ndani ya wigo wa miti au wavu, imletee changarawe safi kutoka mahali pasipochimbwa, na mtu asichome zebaki jikoni wala uani. Mvuke wake huvutwa na kuku na mtoto kwa pamoja.

Magonjwa madogo

Haya tuyapitie kwa haraka. Viroboto hujikita kuzunguka macho na upanga wa kifaranga na kumnyonya damu hadi afe. Apakwe mafuta mazito mahali hapo bila kugusa jicho, nao hukosa hewa na kuanguka, kisha banda lifagiliwe na takataka zichomwe. Kuhara damu huja mahali penye unyevu; dawa yake ya kwanza ni maranda makavu, na ya pili hutolewa na afisa mifugo. Ndui huonekana kwa vipele usoni, nayo ina chanjo yake. Mwewe, nguchiro na kicheche hawana chanjo: tenga lililofunikwa vizuri ndiyo kinga, angalau kwa majuma manane.

Mdondo, na hesabu ya chupa moja

Tumefika penye kiini cha somo. Mdondo, ambao wengine huuita kideri, ulitambuliwa na wataalamu mwaka 1926 huko Newcastle upon Tyne nchini Uingereza, na mwaka huo huo katika kisiwa cha Java. Kuku hushusha mabawa, huhema kwa shida, huharisha kinyesi cha kijani, wengine hupinda shingo au kupooza miguu. Katika kundi lisilochanjwa ugonjwa huo huweza kuua karibu kuku wote kwa siku chache. Hauna tiba. Majivu, pilipili na mwarobaini vimejaribiwa na wazee wetu, nao hawakuwa wajinga. Lakini virusi vya mdondo havisikii hayo.

Kinga iko. Chanjo aina ya I-2 ilitokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, katika miaka ya 1990, kwa nia ya kuwapatia wafugaji wa vijijini chanjo yenye kustahimili joto kuliko zile za zamani. Hapa nchini hutengenezwa na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania. Hutolewa kwa tone moja katika jicho moja, na tone ni lile lile kwa jogoo mkubwa na kwa kifaranga mdogo. Hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Kustahimili joto si kutokuharibika: isiachwe juani, wala juu ya kasha la pikipiki kutwa nzima.

Sasa tazameni hesabu. Chupa ya chanjo hutengenezwa kwa kuku wengi, nayo ikisha kufunguliwa na kuchanganywa haiwekwi akiba ya miezi mitatu ijayo. Tuseme chupa ina dozi 200, na kaya yenye mtoto wetu ina kuku tisa pamoja na vifaranga. Ikinunua peke yake, italipia dozi 200 na kumwaga 191. Hakuna mzazi atakayefanya hivyo kwa ajili ya kifaranga, wala hatumlaumu. Lakini kaya 22 zenye kuku tisa kila moja zina kuku 198. Dozi zinazobaki ni mbili. Gharama ya kuku mmoja hapo huwa ndogo kuliko bei ya yai.

Hicho ndicho kisichowezekana katika kaya moja na kinachowezekana katika Chama. Orodha ya wanachama ipo, stakabadhi zipo, Katibu yupo, na siku ya mkutano watu hukusanyika. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kuanza.

Utaratibu unaofaa ni huu. Jambo lipelekwe kwanza kwenye Bodi, kisha wanachama wakubali wenyewe kiasi cha mchango kwa kuku mmoja. Fedha zikusanywe kabla ya kuagiza, kila mtoaji apewe stakabadhi, na ziandikwe katika ukurasa wa peke yake wa daftari la fedha. Katibu asikope kutoka fedha za pamba "kwa siku mbili tu". Ukaguzi umekuta siku mbili za namna hiyo zikiwa na umri wa misimu miwili. Afisa mifugo wa kata aarifiwe mapema. Kuku wafungiwe usiku wa kuamkia siku hiyo, kwa maana kuku aliyekwisha kutoka kwenda mashambani hashikiki, na asiyeshikwa hubaki kuwa mlango wa ugonjwa. Wanaochanja wanawe mikono baada ya kazi na wasifikiche macho, kwa kuwa chanjo yenyewe huweza kumletea mtu wekundu wa jicho kwa siku chache.

Yapo mambo mawili ambayo Makatibu huyakosea. La kwanza ni kuhesabu kuku wa baba na mama na kuwaacha wa watoto, ati ni wa kuchezea. Kifaranga wa mtoto hula jalalani pamoja na kuku wote wa mtaa. Asipochanjwa yeye, pana pengo. La pili ni kuwakataa jirani wasio wanachama. Katika pembejeo ninaelewa Chama kinapoanza na watu wake. Katika mdondo sikubaliani. Kuku wa asiye mwanachama hupita uani kwa mwanachama bila kuonyesha kitambulisho. Na achangie kwa bei ile ile, achanjiwe siku ile ile, jina lake liandikwe.

Wakati wa kuchanja ni kabla ya ugonjwa. Chanjo huchukua juma moja hadi mawili kujenga kinga, nayo haiponyi kuku aliyekwisha kuambukizwa. Mdondo huwaka zaidi katika miezi ya ukavu, kabla ya mvua. Kwa hiyo Chama kisichochanja ifikapo Julai kimechelewa. Na ugonjwa ukisikika kijiji cha jirani, watu wasikimbilie mnadani kuuza kuku. Hivyo ndivyo unavyosafiri, ndani ya tenga, juu ya baiskeli. Mizoga izikwe au ichomwe, na kuku mgeni akae mbali na wenyeji kwa siku 14.

Kuku ni wa nani?

Limebaki jambo lisilo la kitaalamu, ambalo mkaguzi hawezi kulinyamazia. Kifaranga aliyepona baridi, mwewe na mdondo huwa kuku mzima: jogoo huanza kuwika karibu na mwezi wa nne, na mtetea wa kienyeji hutaga karibu na mwezi wa sita au wa saba. Hapo ndipo wakubwa humkumbuka. Mgeni hufika, baba huagiza, na mtoto hurudi kutoka shule akakuta manyoya.

Simkatazi baba kumkirimu mgeni, wala desturi zetu hazikatazi. Lakini aliyesema "huyu ni wako" alitoa mali, na mali iliyokwisha kutolewa huchukuliwa kwa kuombwa. Tunashangaa kuona wanachama watu wazima wanaokaa kimya hisa zao zinapotumiwa bila idhini ya mkutano; pengine walifundishwa ukimya huo mapema, uani kwao. Mtoto na aombwe. Akikataa, achinjwe mwingine. Akikubali, alipwe kifaranga wawili, na iandikwe.

Na iandikwe kweli. Mtoto anayejua kusoma apewe daftari la kurasa chache: tarehe ya kutotolewa, siku ya chanjo, chakula kilichonunuliwa na bei yake, yai la kwanza, mayai yaliyouzwa, vifaranga waliokufa na sababu ya kufa. Shule zetu zilikuwa na miradi ya kuku tangu siasa ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, lakini kuku wa shule huwa wa wote, na mara nyingi daftari lake liko kwa mwalimu. Daftari la kuku wa mtoto huandikwa na mtoto. Katibu akienda siku ya chanjo na alitazame, atie saini yake karibu na tarehe.

Maswali ya kujadiliwa katika vikundi vya kujisomea

1. Hesabuni kuku wote wa kaya za wanakikundi, pamoja na wa watoto. Je, wanatosheleza chupa moja? Kama hawatoshi, ni kaya zipi za jirani, wanachama na wasio wanachama, zitakazoombwa kuungana nanyi?

2. Mbegu na makopo ya dawa ya pamba hukaa wapi nyumbani kwa kila mmoja wenu? Kila mtu ajibu kwa ajili ya nyumba yake, si ya mwenzake.

3. Kwa vyama vya maeneo ya machimbo: karasha na mwalo ulio karibu uko hatua ngapi kutoka banda la kuku, na ni nani atakayezungumza na mwenye mwalo kuhusu uzio?

4. Bodi imekubali mchango, kaya 22 zimelipa, na siku ya chanjo kaya tatu hazikufungia kuku wao. Katibu afanye nini na fedha zao, na aandike nini katika daftari?